Nani anafundisha darasa la kwanza?

Desemba iliyopita mpwa wangu aliletwa kwangu kwa likizo. Alikuwa amemaliza la pili, Januari anaingia la tatu. Alishuka kwenye basi na begi la shule mgongoni, kwa sababu mama yake alishanipigia kabla: "Kaka, usimwache acheze tu, mwangalizie na madaftari." Siku ya pili, baada ya chai, nikamwambia alete daftari la kusoma.

Lilikuwa daftari zuri. Limevalishwa karatasi ya kaki, mwandiko umekaa kwenye mistari, na karibu kila ukurasa una tiki nyekundu na neno "Vizuri". Nikamwambia anisomee ukurasa wa mwisho. Akasimama wima, mikono nyuma, akaanza kwa ile sauti ya kuimba ambayo kila aliyepita shule ya msingi anaijua: "Mama anakwenda sokoni. Ananunua nyanya, vitunguu na samaki." Hakukosea hata neno. Ila macho yake yalikuwa kwenye pazia.

Nikafunika ukurasa kwa kiganja, nikaacha neno moja wazi: samaki. Hili neno gani? Akalitazama, akanitazama. Akaondoa mkono wangu taratibu, akarudi mwanzo wa sentensi akisukuma kidole, mama, anakwenda, sokoni, mpaka kidole kikafika. "Samaki!" Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni herufi zilezile sita kwa mpangilio mwingine: masika. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akanijibu kwa heshima zote, "Hilo bado hatujafundishwa, mjomba."

Miaka miwili darasani, tiki zimejaa, na mtoto hasomi. Anakariri. Tena anakariri vizuri ajabu. Mtoto anayeweza kubeba daftari zima kichwani bila kujua herufi zinasema nini hana upungufu wa akili. Kuna mtu hakumwonyesha kwamba "sa" ni "sa" popote utakapoikuta, iwe kwenye samaki, iwe kwenye saa, iwe kwenye kisamvu.

Kabla hujamkunja mwalimu wake shati, jua kwamba darasani kwao wako zaidi ya mia moja na madawati hayatoshi, wa nyuma wanakaa sakafuni. Kusahihisha madaftari mia moja ndani ya kipindi kimoja maana yake ni kuweka tiki huku unatembea. Mwalimu aliona mwandiko umenyooka, akaandika Vizuri. Alichosahihisha ni mwandiko.

Kila mwaka matokeo ya darasa la saba yakitoka, tunajua la kufanya. Shule iliyofaulisha inapigiwa makofi, iliyoanguka inaitwa kikaoni, walimu wa la saba wanapewa bahasha au wanapewa barua. Sisi wazazi na walezi tunaulizana: hivi pale hesabu la saba anafundisha nani? Swali hilo limechelewa miaka mitano. Mtoto asiyejua kusoma akitoka la pili, hakuna atakayemfundisha tena kusoma. Kuanzia la tatu kuna sayansi, kuna historia, kuna Kiingereza, na masomo yote hayo yanadhani mtoto anasoma. Mwalimu wa la tatu ana muhtasari wa kumaliza. Wa la nne ana upimaji wa kitaifa unaomsubiri. Kila mmoja anapokea deni, analisogeza mbele, anamkabidhi mwenzake, mpaka linamfikia mwalimu wa la saba, naye ndiye anayeonekana mdaiwa.

Kwa hiyo mwalimu mbaya wa madarasa ya chini anaweza kumaliza utumishi wake wote bila mtu kumgundua. Madhara yake yanatokea mkononi mwa mwingine. Na mwalimu mzuri wa madarasa hayo naye hagunduliki kwa sababu ileile, kwani sifa zake zinaliwa na mwingine. Nadhani hapo ndipo tunapokosea kuliko pote tunapojadili walimu: tunawapima mwishoni mwa njia, wakati mtoto alishapotea au kupona mwanzoni.

Mimi nimesoma Tanga, shule iliyozungukwa na mkonge pande zote. La tatu tulikuwa na mwalimu wa hesabu ambaye kila mzazi alimheshimu. Ana cheti cha chuo, mwandiko wake ubaoni kama wa kuchapwa, hachelewi, hanywi. Akafika kwenye kutoa kwa kukopa. Akafanya mfano mmoja haraka haraka, akafuta ubao, akatuandikia 42 − 17. Wengi tukapata 35. Kila mwenye 35 akaenda mbele, akanyoosha mkono, akala viwili. Kesho yake ikawa 61 − 34. Tukapata 33. Vikawa vitatu.

Yatazame vizuri hayo majibu. Hiyo 35 hatukuibahatisha. Mtoto alitazama 7 na 2, akaona kubwa ni 7, akatoa 2 akapata 5. Akatazama 4 na 1, akapata 3. Kwenye 61 − 34 akafanya vilevile: nne kutoa moja tatu, sita kutoa tatu tatu. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni hiyo ina kosa mahali pamoja tu. Darasa zima likikosea kwa namna moja, linamwambia mwalimu kitu. Mwalimu anayesoma makosa angelijua tatizo letu kwa nusu dakika. Wetu aliona mikasi tu, akahesabu viboko.

Muhula uliofuata alihamishwa, tukapewa mwalimu wa UPE, yaani wa ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote.

Kwa msomaji kijana: Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo hata vingefundisha usiku na mchana. Wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba, wakawa wanafundisha huku wanajifunza ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na ya redio. Nchi ilipata ilichokitaka, watoto wakajaa madarasani, lakini neno UPE likageuka kuwa tusi. Mtu akikosea chenji dukani anaulizwa, "Wewe UPE nini?" Hata walimu wenzao wa chuo waliwacheka, na sisi wanafunzi tulijua wanachekwa.

Yule wetu aliingia siku ya kwanza na mzigo wa vijiti. Kila vijiti kumi amevifunga kwa uzi wa katani, ambao kwetu ulikuwa hauna bei. Akamwita mmoja mbele, akampa mafungu manne na vijiti viwili.

"Haya, nipe vijiti saba."

"Havitoshi, mwalimu. Viko viwili."

"Sasa tufanyeje?"

Kimya. Halafu mmoja wa dawati la nyuma kabisa, mtoto wa mkata mkonge, akasema, "Si tukate kamba?"

Akapewa wembe akate mwenyewe. Fungu likafunguka, vijiti vikawa kumi na viwili, saba vikatoka, vikabaki vitano. Mafungu yamebaki matatu, moja likatoka, mawili. Ishirini na tano. Tangu siku ile darasani kwetu hakuna aliyesema kukopa. Tulisema kukata kamba, mpaka la saba. Nikifikiria sasa, neno "kukopa" lenyewe lilikuwa sehemu ya tatizo: sisi tulilelewa kwamba ukikopa unarudisha, na baadhi yetu tulikuwa tunasubiri mwalimu aseme lini ile kumi itarudishwa kwa mwenyewe.

Mwenye cheti alishindwa, aliyechekwa akaweza. Sijengi sheria kwa kisa kimoja, ila wanaopima mambo haya kwa takwimu wamefika karibu na hapohapo. Marekani, Raj Chetty, John Friedman na Jonah Rockoff walichapisha mwaka 2014 utafiti uliofuatilia zaidi ya watoto milioni moja kutoka darasani hadi kwenye rekodi za kodi za ukubwani. Waliopitia kwa walimu wenye kawaida ya kupandisha alama za wanafunzi wao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufika chuo, walipata mishahara mikubwa kidogo, na wasichana hawakupata watoto mapema kama wenzao. Tafiti nyingine nyingi za hukohuko zimeonyesha kwamba shahada ya juu ya mwalimu haikuambii sana kama ni mzuri au la. Utamjua kwa kumwona akifundisha na kwa kuwatazama watoto aliowafundisha.

Hapa kwetu lakini sithubutu kusema elimu ya mwalimu si kitu. Wapo walimu ambao ukiwapa maswali ya darasa wanalofundisha yanawashinda, na hili limepimwa katika nchi kadhaa za Afrika, yetu ikiwemo. Yule wa UPE hakuwa na cheti kikubwa, ila kutoa alikujua mpaka mzizi. Huwezi kufungua fungu kwa ajili ya mtoto kama wewe mwenyewe hujui kwamba ile tarakimu 4 ni mafungu.

Sasa twende kwenye hesabu za taifa. Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya, na hata baada ya kupangwa upya zaidi ya nusu walikuwa wamefeli. Lawama zilikwenda kwenye shule za kata na walimu wao, hasa wale waliotolewa kidato cha sita katikati ya miaka ya 2000 wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha. Mtaani waliitwa voda fasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu upesi. Walistahili sehemu ya lawama, na mwaka ule vipimo vya kupanga madaraja navyo vilikuwa vimebadilika.

Lakini hesabu kwa vidole kurudi nyuma. Aliyefanya kidato cha nne 2012 bila kurudia darasa aliingia la kwanza 2002. Huo ndio mwaka wa kwanza wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada za shule ya msingi zilikuwa zimefutwa, watoto waliokuwa wamekaa nyumbani wakaingia kwa mpigo, na mafunzo ya ualimu yakafupishwa kuwa mwaka mmoja chuoni na mmoja kazini ili walimu wapatikane haraka. Sidai kwamba la kwanza la 2002 peke yake ndilo lililozaa sifuri za 2012. Ila nakumbuka mjadala wa wakati ule, redioni, vijiweni na kwenye magazeti, ulihusu miaka minne ya mwisho, na sikumsikia mtu akiuliza juu ya miwili ya kwanza. Kwa hesabu hiyohiyo, walioingia la kwanza Januari 2016, elimu bila ada ilipofuta hata michango ya lazima na madarasa yakafurika tena, wanafika kidato cha nne 2026. Kama kutakuwa na kelele, tujue pa kuanzia kutazama.

Na hisabati ya kidato cha nne, ambako kwa miaka mingi karibu wanne kati ya kila watano wamekuwa wakianguka, mimi siisomi kama habari ya kidato cha nne. Naisoma kama habari ya 42 − 17. Halafu baadhi ya hao walioanguka ndio wanaokwenda kusomea ualimu wa shule ya msingi, na baada ya miaka michache wanasimama mbele ya la tatu kufundisha kutoa kwa kukopa.

Mwalimu mbaya anayezungumzwa vijiweni ni mlevi, ni mtoro, au ni yule anayewataka watoto wa watu. Wapo, na huyo wa mwisho mahali pake ni mahakamani, si kwenye makala. Lakini ninayemwogopa zaidi ni mtu mwema kabisa. Anawahi. Andalio la somo analo. Anafundisha kwa bidii mpaka sauti inakauka, ila anafundisha dawati la mbele. Akiuliza "Tumeelewana?" darasa zima linaitikia "Ndiyoo!" naye anageukia ubao. Watoto sita wa mbele wameelewa kweli. Waliobaki wamejifunza kuitikia.

Magharibi mwa Kenya, huko Busia na Teso, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin waliwahi kugawa vitabu vya kiada mashuleni miaka ya 1990, wakitazamia alama zipande. Zilipanda kwa wanafunzi waliokuwa juu tangu mwanzo, wengine hawakusogea. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, kwa watoto ambao wengi wao Kiingereza ni lugha ya tatu, na muhtasari wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya dawati la mbele. Baadaye, mwaka 2005, Kremer akiwa na Esther Duflo na Pascaline Dupas walifuatilia shule 121 za magharibi hukohuko, zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule watoto waligawanywa mikondo miwili kwa alama zao, katika nusu nyingine waligawanywa kwa bahati nasibu. Palipogawanywa kwa alama walinufaika wa juu, na walinufaika wa chini pia. Maelezo yao ni kwamba mwalimu aliyepewa watoto wanaokaribiana alipata nafasi ya kufundisha kile ambacho watoto wale walikihitaji.

Binafsi sipendi kugawa watoto kwa alama. Nimeona mkondo wa vipanga na mkondo wa vilaza, na najua mwalimu yupi hupelekwa mkondo upi, na mtoto wa mkondo wa pili naye anajua. Ninachokichukua kwenye utafiti ule ni kidogo zaidi: mwalimu yuleyule, kwa mshahara uleule, akifundisha watoto waliopo badala ya watoto wa kwenye muhtasari, anakuwa mwalimu mwingine.

Kiboko nitakigusa kwa kifupi, kimeshazungumzwa mno. Kanuni za Tanzania zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa utovu mkubwa wa nidhamu, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na vyote viandikwe. Kukosa hesabu hakumo. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Ukiacha maumivu, hasara yake darasani ni hii: mtoto aliyechapwa kwa sababu ya 35 kesho ananakili 25 ya jirani. Daftari linakuwa safi, na mwalimu amejinyima kitu pekee ambacho kingemwonyesha somo lake limevunjikia wapi.

Benki ya Dunia ilipopima shule za msingi Tanzania mwaka 2014, walimu ambao hawakukutwa shuleni walikuwa kama 14 kwa kila mia. Ambao hawakukutwa darasani walikuwa karibu 47. Toa, hii haihitaji hata kukata kamba: 33. Theluthi nzima ya walimu wamefika shuleni lakini hawamo darasani. Wako ofisini wanajaza taarifa, wako kwenye zamu, wako chini ya mwembe. Katika nchi saba za Afrika zilizopimwa namna hiyo, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, mtoto alikuwa akipata wastani wa saa 2 na dakika 50 za kufundishwa kwa siku, zaidi kidogo tu ya nusu ya muda wa ratiba. Mwalimu ambaye hakufika, huenda alikwenda mjini kufuatilia malimbikizo yake, huenda mtoto wake anaumwa. Aliyefika akakaa chini ya mwembe ana mwalimu mkuu anayepita hapo kila siku.

Kuna kazi ya mwalimu ambayo alama haziioni kabisa. Mchumi Kirabo Jackson alitazama walimu wa darasa la tisa katika jimbo la North Carolina, Marekani, akakuta kwamba wanaopandisha alama na wanaofanya watoto wasikose shule, wasisimamishwe, wasirudie darasa, mara nyingi si watu walewale. Na hao wa kundi la pili ndio walioonyesha vizuri zaidi nani atamaliza shule. Ukiwapima walimu kwa mtihani pekee, hao unaweza kuwahesabu kuwa dhaifu.

Nilipokuwa la tano nilikaa nyumbani wiki mbili. Baba alikuwa amevunjika mkono na shamba lilihitaji mtu. Jioni moja yule mwalimu wa vijiti akaja kwa baiskeli. Alikaa kwenye kigoda, akanywa uji, wakazungumza na baba habari za mvua na bei ya mahindi, shule haikutajwa. Mimi nimejificha nyuma ya jiko nasubiri nisemewe. Alipokuwa anaondoka, ameshapanda baiskeli mguu mmoja, akamwambia baba, "Mzee, kesho ni zamu ya kijana wako kugawa vijiti kwa wadogo zake wa la pili. Wanamsubiri." Hakukuwa na zamu yoyote ya kugawa vijiti. Ilianza kesho yake nilipofika.

Tukitaka kulipa walimu kwa kazi nzuri, kulipa kunawezekana na kumejaribiwa hapahapa. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilichukua shule 350 katika wilaya 10. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Baadhi, walimu wa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi atakayefaulu kila somo. Baadhi zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikusogeza alama. Ahadi ya fedha peke yake ilitoa matokeo ya mashaka mashaka. Vilipokwenda pamoja watoto walijifunza zaidi, na tofauti ilionekana wazi. Wachumi wamebishana sana juu ya zile fedha. Mimi kilichonikaa ni kwamba, angalau kwa miaka miwili, kuna mtu alikuwa anakwenda kumtazama mwalimu wa la kwanza.

Serikali nayo mwaka 2013, chini ya mpango wake wa Matokeo Makubwa Sasa, ilianza kupanga shule kwa ufaulu wa darasa la saba na kuzitangaza. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliofuatilia walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani wilayani zilipandisha ufaulu wao. Walikuta pia kwamba katika shule hizo watoto waliofika chumba cha mtihani walipungua. Mtoto dhaifu akibaki nyumbani siku ya mtihani wastani unapanda wenyewe, na hakuna aliyelazimika kumfundisha kusoma.

Januari nilimrudisha mpwa wangu mwenyewe, nikafuatana na mama yake hadi shuleni kwao. Mwalimu mkuu ni mama mpole, miwani ya kusomea inaning'inia kifuani. Alitukaribisha ofisini, akamwambia mtoto aende akacheze. Ratiba ya shule nzima ilikuwa ukutani kwenye karatasi za manila, kila mwalimu na rangi yake. Nikamwambia kuhusu samaki na masika. Hakukasirika. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya zamani.

Nikamuuliza la saba amewapanga akina nani. Akanionyesha kwa rula: huyu wa hisabati ana shahada, huyu wa Kiingereza alihamia kutoka mjini, huyu wa sayansi ni moto wa kuotea mbali.

"Na la kwanza?"

"La kwanza yupo mwalimu wetu mmoja wa siku nyingi. Anastaafu mwakani, tumempumzisha huko."

Mdogo wangu akaniangalia. Nikasema, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba mimi nilidhani huko ndiko kwenye kazi kubwa kuliko zote. Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta kwa kanga.

"Kaka yangu, najua. Mimi nimefundisha la kwanza miaka sita. Lakini mimi hapa napigiwa simu za la saba. Afisa elimu kata anauliza la saba, wilayani wanauliza la saba, wazazi wanauliza la saba. Tangu nimekuwa mkuu wa shule hii, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza la kwanza."

Nikauliza huyo akistaafu nani atashika.

"Bado hatujajua," akasema, akarudisha rula mezani. "Labda tutapata wa kujitolea."